Umeme Umekatika au Umekatwa? Hotuba Kuhusu Kauli ya Kutendwa ya Kiingereza

Hotuba kwa wanafunzi wa madarasa ya jioni na walimu wao, Kariakoo, Dar es Salaam

Walimu wenzangu, ndugu wanafunzi, Bwana asifiwe, asalaam aleikum, na kwa wote habari za jioni. Poleni na kazi. Najua wengi wenu mmefika hapa mkitokea moja kwa moja dukani, bandarini, hospitali, kwenye kaunta za benki na mapokezi ya hoteli, na foleni ya Barabara ya Uhuru mmeiona wenyewe. Kwa hiyo naingia kwenye mada.

Mada niliyopewa ni ile inayokuja kwenye mtihani chini ya maelekezo ya kuandika upya sentensi. Mwanafunzi anapewa "Juma kicked the ball", anatakiwa aanze na "The ball". Anaandika "The ball was kicked by Juma", anapata alama yake, anahamia swali linalofuata. Anafanya hivyo kuanzia kidato cha kwanza mpaka cha nne. Halafu anaajiriwa, anaambiwa aandike ripoti ya Kiingereza kuhusu simu ya ofisi aliyoibiwa kwenye daladala, anaandika "I was stolen the phone". Anayeisoma sentensi hiyo anaelewa kwamba aliyebebwa na mwizi ni mwandishi mwenyewe.

Kijana huyu alifundishwa kugeuza sentensi. Kuchagua hakufundishwa. Mimi leo nina jambo moja, na nitalizunguka mpaka lieleweke: kauli ya kutendwa ni uamuzi kuhusu nani atangulie kwenye sentensi, na kama aliyefanya atajwe au aachwe. Umbo lake unaweza kulijua kwa jioni moja. Uamuzi ndio unaotaka akili, na akili hiyo ninyi wasemaji wa Kiswahili mnayo tangu utotoni. Kinachokosekana ni mtu wa kuwaonyesha kwamba mnayo.

Hebu mwenye risiti ya duka mfukoni aitoe. Risiti za maduka mengi ya hapa Kariakoo, zile za kuandikwa kwa mkono, zina mstari chini kabisa kwa herufi ndogo: "Mali ikishauzwa hairudishwi." Nyingine wameandika kwa Kiingereza: "Goods once sold cannot be returned." Tuutazame mstari huu vizuri, maana una karibu somo zima ndani yake.

Aliyeuza ni nani? Mwenye duka. Asiyeruhusiwa kurudisha ni nani? Wewe mteja. Watu wote wawili hawamo kwenye sentensi. Iliyomo ni mali peke yake, imeuzwa, hairudishwi. Sasa jaribu kuiandika kwa kauli ya kutenda: "Mimi mwenye duka nikishakuuzia mali, wewe huwezi kunirudishia." Huo ni ugomvi, na risiti bado haijakauka wino. Mwenye duka aliyeiandika risiti ile hakuwa anafanya zoezi la darasani. Alitaka kuweka sharti bila kumnyooshea mteja kidole, akaiweka mali mbele na watu akawaondoa. Huo ndio uamuzi ninaousema.

Tukitoka hapo ndipo tuangalie umbo. Sisi tunabadilisha mkia wa kitenzi: andika, andikwa, chukua, chukuliwa, ondoa, ondolewa, jibu, jibiwa. Wakati unakaa mbele, kwenye li, na, ta na me, na mkia unabaki vilevile. Kiingereza hakina mkia wa namna hiyo. Kinatumia maneno mawili: kitenzi "be", kisha umbo la tatu la kitenzi kikuu, lile mnaloliimba darasani, "write, wrote, written". "Be" ndicho kinachobeba mzigo wote wa wakati na nafsi. "Written" hakisogei. "The letter is written", barua huandikwa. "Was written", iliandikwa. "Has been written", imeandikwa. "Will be written", itaandikwa. "Must be written", lazima iandikwe. Barua zikiwa nyingi, "is" inakuwa "are" na "was" inakuwa "were", lakini "written" imekaa palepale. Basi. Mwalimu anayetumia wiki 3 kwenye jedwali la nyakati 12 anawachosha watu kwa jambo ambalo mtu akishaona kwamba ni "be" tu inayobadilika, amelimaliza.

Na kwenye risiti yetu, "be" iko wapi? Baada ya "cannot" ipo: "cannot be returned". Kabla ya "sold" imedondoshwa, maana "once sold" ni kifupi cha "once they are sold". Kiingereza hupenda kuidondosha "be" panapoeleweka. Ukituma pesa kwa simu, kwenye ujumbe wa Kiswahili utakuta "Imethibitishwa", na kwenye wa Kiingereza "Confirmed". Ni neno moja tu, la kutendwa, limekatwa kichwa, na kila mtu analielewa.

Pana mahali pamoja kwenye nyakati ambapo nataka tusimame, kwa sababu jiji letu linatulazimisha kupatumia kila siku. Kiswahili kina "inajengwa" moja. "Barabara inajengwa" ni kwamba mafundi wako kazini sasa hivi. "Nguo hizi zinashonwa Tandika" ni kwamba ndiyo kawaida yake, hata kama leo ni Jumapili na cherehani zimefunikwa. Kiingereza kinazitenganisha. Kazi ikiwa inaendelea, ni lazima uingize "being": "The road is being built." Ikiwa ni desturi, unaiacha: "These clothes are made in Tandika." Ukimwambia mgeni "The road is built", ataelewa barabara imekwisha, atawasha gari, atakutana na kifusi. Vivyo hivyo karani anayemjibu mteja kuhusu faili lake. "Linashughulikiwa" ni "It is being worked on". Neno dogo "being" ndilo linalomwambia mteja kwamba kuna mtu ameshika kalamu.

Tena msidhani Waingereza walizaliwa na umbo hili. Zamani walisema "the house is building" wakimaanisha nyumba inajengwa, na walielewana. "Is being built" lilianza kuonekana kwenye maandishi mwishoni mwa karne ya 18, na katika karne ya 19 walikuwepo wasomi walioliandikia kulilaani, wakisema ni baya, ni refu, linaharibu lugha. Leo hakuna anayeshtuka akilisikia. Nawaambia hili ili mjue kwamba hata wenye lugha walihangaika kutafuta namna ya kusema kitu ambacho sisi tunakisema kwa "inajengwa".

Kwenye umbo la tatu sina mengi. Vitenzi vya kawaida vinaishia "ed", vingine ni vya kukariri: "stolen", "broken", "taken", "given", "cut", "sent". Karirini. Hakuna njia ya mkato, na "was stole" haitasamehewa popote. Ila kuna jambo moja la kusoma magazeti ambalo sioni likifundishwa, nalo linawaponza wengi. Kwa vitenzi vya "ed", umbo la pili na la tatu ni sawa kabisa. Na vichwa vya habari vya Kiingereza hukata "be". Kwa hiyo unakuta kichwa kama "Driver attacked at bus stand". Nimewaona watu wenye elimu nzuri wakisoma hapo kwamba dereva kashambulia mtu. Hapana, dereva kashambuliwa. Kiswahili hakikuachi ubahatishe: "ashambulia" na "ashambuliwa" ni maneno mawili tofauti. Kiingereza kinataka uangalie kinachofuata. "Attack" ni kitenzi kinachohitaji mtu wa kushambuliwa. Kama hayupo baada ya kitenzi, basi ni yule aliyetangulia mbele. Ikiandikwa "Driver attacked passenger", hapo abiria ndiye aliyeumia.

Sasa nije kwenye jambo lililonipa jina la hotuba.

Taa zikizimika hapa ukumbini, mtasema nini? Umeme umekatika. Kwa nini hamsemi umekatwa? Kwa sababu umekatwa ni jambo jingine kabisa: bili haijalipwa, amekuja fundi na ngazi, amepanda nguzo, ametenganisha waya. Mtoto wa miaka 4 anajua tofauti hii. Akiulizwa kuhusu kikombe anasema kimevunjika, hasemi kimevunjwa, maana anajua swali litakalofuata ni "Na nani?"

Wanasarufi wetu wanaiita hiyo kauli ya kutendeka. Kiingereza hakina mkia wake. Kinafanyaje? Mara nyingi kinatumia kitenzi kilekile cha kutenda, ila kitu kinasimama mbele chenyewe: "The cup broke." "The door opened." "The rope snapped." Au kinatafuta maneno mengine kabisa: umeme umekatika ni "The power has gone off", na umeme umekatwa ni "The power has been cut off". Mashine imeharibika ni "The machine has broken down". Tatizo ni kwamba wanafunzi wetu wakiisikia "imeharibika", wanaona kitu kimepatwa na jambo, wanakimbilia kauli ya kutendwa: "The machine was broken." Sentensi hiyo ina maana mbili, na zote zinaweza kukuletea shida. Inaweza kumaanisha mashine ilikuwa mbovu. Inaweza kumaanisha kuna mtu aliivunja. Ndugu yangu wa bandarini, unapoandika ripoti kuhusu winchi iliyogoma, na ripoti hiyo itasomwa na watu wa bima, tofauti hiyo ni pesa, na pengine ni kazi ya mtu. Kabla hujaandika "was", iseme kwanza kwa Kiswahili. Ikija kwa "ka", yaani imekatika, imevunjika, imeharibika, imemwagika, usimtafute mtenda wala usimdokeze. Ikija kwa "wa", ndipo uende kwenye "be" na umbo la tatu.

Niwaonye papo hapo kwamba kanuni hii haifiki kila mahali. "Onekana" kwetu ni kutendeka, lakini Kiingereza cha "hajaonekana tangu jana" ni "He has not been seen since yesterday", kutendwa kamili. Mtakutana nayo.

Turudi kwa yule kijana wa simu. Kosa lake lina asili ya heshima. Kiswahili ni karimu sana kwa mtu aliyeguswa na jambo. Kinamruhusu atangulie mbele, na kitu chenyewe kibaki nyuma yake: nimeibiwa simu, nimevunjiwa duka, nimekatiwa maji, nimenyeshewa, nimefiwa. Mtu kwanza, masaibu baadaye. Kiingereza kinaruhusu hivyo kwa vitenzi vichache tu, hasa vya kupeana na kuambiana: "I was given a receipt", nilipewa risiti, "I was paid on Friday", nililipwa Ijumaa, "I was told to wait", niliambiwa nisubiri, "She was offered a job", alipewa nafasi ya kazi. "Steal" hakimo kwenye kundi hilo. Kinachoibwa kwa "steal" ni kitu: "My phone was stolen." Ukitaka uanze na mwenyewe, badilisha kitenzi: "I was robbed." Au tumia "had": "I had my phone stolen on the bus." Hiyo ya mwisho ndiyo inayokaribia kabisa "nimeibiwa simu", na ningependa kila mmoja wenu aondoke nayo leo.

"Explain" nacho hakimo. Kila wiki nasoma "I was explained that the office is closed". Mtu haelezwi kwa Kiingereza, jambo ndilo linaloelezwa, kwa mtu: "It was explained to me." Na kwa mazungumzo ya kawaida, sema tu "I was told".

Halafu kuna vitenzi ambavyo havina wa kutendwa kabisa: "happen", "occur", "arrive", "die", "disappear". Ajali ilitokea ni "An accident happened", bila "was". Najua "was" inatoka wapi. Inatoka kwenye huruma: jambo limewapata watu bila hiari yao, kwa hiyo moyo unataka kauli ya kutendwa. Lakini kitenzi hakiangalii huruma, kinaangalia kama kuna kitu cha kupokea kitendo. Kwa "happen" hakuna. Na nimefiwa na baba ni "I lost my father", au "My father has died". Kwa "die" kauli ya kutendwa haipo.

Ila kuna mahali ambapo lugha hizi mbili zinafanana mpaka nafurahi kila ninapopafundisha. Mhudumu wa hoteli akiingia chumbani asubuhi akakuta shuka zimenyooka, atasema kitanda hakijalaliwa. Kulala hakuna cha kupokea kitendo, na bado Kiswahili kimekifanya kitanda kiwe mtendwa. Kiingereza nacho kinafanya vilevile: "The bed has not been slept in." Kile kihusishi "in" kinabaki kikining'inia mwishoni, na wanafunzi hukikata kwa sababu kinaonekana hakina kazi. Msikikate. "My shop was broken into", duka langu limevunjwa. "The matter is being looked into", suala linachunguzwa. "She must be listened to", lazima asikilizwe. Ukiondoa neno hilo dogo la mwisho, sentensi imekufa.

Kuhusu kumtaja mtenda, upande wa umbo ni mwepesi. Neno letu "na" huwa "by", na neno letu "kwa" huwa "with". Alijeruhiwa na mwizi kwa kisu, "He was injured by a thief with a knife." Zipo za kuzoea masikioni, kama "covered with dust" na "known to the police", mtazipata kwa kusoma.

Upande wa uamuzi ndio mzito, na nitakaa hapo.

Mazoezi yetu ya darasani yanawafanya watoto waamini kwamba kauli ya kutendwa isiyo na "by" imekatika mkia. Fungueni gazeti lolote la Kiingereza, au fomu yoyote ya serikali, mhesabu wenyewe. Sehemu kubwa ya kauli hizo hazimtaji mtenda, na ndiyo sababu zikatumika. Ama hajulikani, ama anajulikana mno, ama si yeye anayezungumziwa. "The Askari Monument was unveiled in 1927." Tunazungumzia sanamu ya askari pale mjini, nani alivuta kitambaa si hoja. Lakini kama unaandika wasifu wa Rais Magufuli, huna sababu ya kuandika "The Kigamboni Bridge was opened in 2016". Anayezungumziwa ni yeye, basi mwache afungue mwenyewe: "He opened the bridge in 2016." Tukio ni lilelile, daraja ni lilelile, na kila sentensi ni sahihi mahali pake.

Kuna mahali ambapo kumwacha mtenda kumefanya kazi kubwa duniani. Tarehe 10 Desemba 1948, mjini Paris, Umoja wa Mataifa ulipitisha Tamko la Haki za Binadamu. Nchi 48 ziliunga mkono, 8 hazikupiga kura ya ndiyo wala hapana, na hakuna iliyopinga. Ibara ya kwanza kwa Kiingereza inaanza: "All human beings are born free and equal in dignity and rights. They are endowed with reason and conscience." Kwa Kiswahili: "Watu wote wamezaliwa huru, hadhi na haki zao ni sawa. Wote wamejaliwa akili na dhamiri." Hesabuni: wamezaliwa, wamejaliwa, "are born", "are endowed". Kutendwa mara mbili, lugha zote mbili.

Wamejaliwa na nani? Swali hilo lilizungumzwa kweli. Kwenye rasimu palikuwa na "endowed by nature", yaani mjaliaji ni maumbile. Wajumbe wa Brazil walitaka Mungu atajwe. Wengine hawakukubali, maana kwenye meza ile kulikuwa na Waislamu, Wakristo, watu wa dini nyingine, na serikali zisizoamini dini yoyote. Mwishowe "by nature" ikaondolewa, na jina la Mungu halikuingia. Likabaki "endowed", wamejaliwa, na nafasi ya mtenda iko wazi. Kila anayesoma anaijaza kwa imani yake. Sisi huku tukisikia "kujaliwa" tunajua wenyewe tunamtaja nani moyoni, na yule asiyeamini naye hakufukuzwa kwenye sentensi. Kwa maneno mawili kuondolewa, watu ambao wasingekubaliana juu ya asili ya binadamu wakakubaliana juu ya haki zake. Mwalimu anayesema kauli ya kutendwa ni uandishi dhaifu na tuikwepe, naomba aitazame ibara hiyo.

Lakini mlango huohuo unatumika pia kujificha. Mwaka 1987 Rais Ronald Reagan wa Marekani alikuwa kwenye kashfa ya kuiuzia Iran silaha kwa siri. Tarehe 27 Januari alihutubia Kongresi akasema "serious mistakes were made", makosa makubwa yalifanyika. Yalifanywa na nani? Hakusema. Sentensi haina kosa la sarufi hata moja, na watu hawakuridhika nayo. Tarehe 4 Machi mwaka uleule alihutubia taifa akasema "I take full responsibility", mimi nabeba dhamana yote. Kauli ya kutenda, na "I" imesimama mbele. Ziandikeni ubaoni sentensi hizo mbili, moja chini ya nyingine, na wanafunzi wataona sarufi inavyoweza kumbeba mtu au kumficha.

Haya yako hapa hapa Dar es Salaam pia. Muuguzi anaandika "The patient was given the wrong dose", mgonjwa alipewa dozi isiyo sahihi. Mhasibu anaandika "The money was not banked", fedha hazikupelekwa benki. Mhandisi anaandika "The drain was not cleared before the rains", mtaro haukuzibuliwa kabla ya mvua. Msomaji wa ripoti kama hiyo ana haki ya kuuliza na nani. Kama ulijua na hukuandika, umechagua upande. Mimi nawaambia wanafunzi wangu waisome ripoti yao wakiwa wamevaa viatu vya aliyeumia. Kama yeye angetaka kujua "by whom", andika. Kama hujui, andika kwamba haijajulikana. Kwenye ripoti ya maabara ni tofauti: "The solution was heated for 10 minutes" haimfichi mtu, maana aliyepasha moto ni wewe mwenye daftari na kila mtu anajua. Hata hivyo siku hizi majarida mengi ya sayansi yanakubali "we", kwa hiyo msimwadhibu mtoto aliyeandika "We heated the solution".

Walimu wa historia mliopo, nina neno nanyi. Sentensi ninayoikuta sana ni "Tanganyika was granted independence in 1961". Sarufi yake ni safi. Lakini hata pasipo "by", kitenzi "grant" kina mtoaji ndani yake, na mtoaji huyo ni Uingereza. Tanganyika imewekwa mbele ya sentensi, na bado imewekwa kama anayenyoosha mkono kupokea. "Tanganyika won its independence" ni habari ya watu walioanzisha TANU mwaka 1954 wakazunguka nchi nzima. Sisemi moja ifutwe. Mwanahistoria wa sheria anaweza kuitaka ile ya kwanza kwa sababu zake. Nasema mtoto asiandike "was granted" kwa sababu ameikuta kwenye kitabu. Aweze kueleza kwa nini ameichagua, na alama zitolewe kwa maelezo hayo.

Ombi langu kwa walimu wote ni hilo pia kwenye zoezi la "Juma kicked the ball". Kama lazima mlitoe, toeni. Halafu muulize: ni wakati gani mtu angeusema huu wa pili? Mpeni mwanafunzi hali. Mama anatafuta mpira. Polisi wanamtafuta Juma. Sentensi itajigeuza yenyewe, au itakataa kugeuka, na mwanafunzi ataona kwa macho yake.

Nimebakiza robo saa, na sitaki tuitumie kwa mimi kuongea. Nimeandika ubaoni ripoti fupi ya mlinzi wa zamu ya asubuhi: "Lango la ghala limevunjwa. Kufuli limekutwa chini. Taa ya nje imeharibika. Boksi 6 zimechukuliwa. Mlinzi wa usiku hajaonekana tangu saa tisa." Mnatakiwa kuipeleka kwa Kiingereza kwa mwenye ghala, ambaye hasomi Kiswahili, na ambaye asubuhi hii hii ataamua kama anaita polisi. Angalieni taa isiwe imevunjwa na mtu wakati hamjui. Angalieni boksi zitangulie mbele ya "were" au "have been", na mjue kwa nini. Na huyo mlinzi wa usiku, mwandikeni kwa uangalifu, maana hakuna aliyethibitisha lolote juu yake. Madaftari yafunguliwe, dada wa benki pale mbele, tuanze na wewe, sentensi ya kwanza.